Simu imesema digrii 5, mbona nagandia kituoni?

BARAKA: Haya wasikilizaji karibuni tena, mimi Baraka niko Denver hapa Marekani, na kule Buffalo, jimbo la New York, tunaye dada Rehema, ambaye sina uhakika kama yuko fiti maana jana kashinda na beleshi anatoa theluji mlangoni.

REHEMA: Niko mdogo wangu. Mgongo tu ndo haupo.

BARAKA: Pole sana dada. Sasa kuna msikilizaji katutumia voisi, anasema simu ilimwambia kesho digrii 5, akatoka na koti jepesi, saa tisa mchana anasubiri basi anahisi masikio yanakatika. Anauliza simu inadanganya?

REHEMA: Haidanganyi, kaisoma vibaya. Ile namba ni joto la juu la siku nzima na siku inaanza saa sita usiku. Sasa hewa baridi ya Canada ikishuka, hilo joto la juu linatokea saa nane usiku umelala zako, ukiamka linaporomoka tu mpaka jioni, mchana unakuwa na baridi kuliko alfajiri. Sisi tumezoea kwetu jua likipanda na joto linapanda, huku siku nyingine inaenda kinyumenyume.

BARAKA: Yaani umenikumbusha 2022, tarehe 21 Disemba, Jumatano. Mimi nimetoka na sweta, mchana freshi kabisa. Jioni uwanja wa ndege hapa Denver wakapima digrii 5 na nusu, baada ya saa moja ikawa hasi 15. Saa moja dada! Nimeingia dukani kununua maziwa na mkate, natoka kitasa cha gari kinanata vidole, na ule unyevu wa puani unaganda ukivuta pumzi unasikia kama sindano. Asubuhi yake ikafika hasi 31.

REHEMA: Na hiyo hiyo ndo ikaja kwangu. Hapa ndo utabiri wa siku mbili unapokuwa mtamu, maana kitu kishaonekana, kiko njiani, unakifuatilia kama basi la mkoani. Kwako Jumatano jioni, kwangu Ijumaa asubuhi. Alfajiri mvua ya kawaida inagonga dirisha, muda si mrefu upepo ukageuka, theluji inapita ubavuubavu, nyumba ya jirani ng'ambo ya barabara siioni.

BARAKA: Na ziwa nalo.

REHEMA: Ziwa Erie bwana, ndo mchawi wetu. Disemba lilikuwa halijaganda, maji yana kajoto, hewa kavu ya baridi inapita juu yake kwa urefu inabeba mvuke, ikifika nchi kavu inamwaga theluji, na inamwaga kwa mstari mwembamba. Ndo maana Novemba mwaka huo huo Orchard Park, kusini kidogo ya hapa, walipata karibu mita 2, na wa kaskazini ya mji wanashangaa tu. Kwa hiyo ukisikia "Buffalo itapata theluji", uliza Buffalo ya wapi.

BARAKA: Ila ile ya Disemba iliua.

REHEMA: Zaidi ya watu 40 kaunti hii peke yake. Wengine kwenye magari, wengine nje wanatembea, wengine ambulensi haikuweza kufika. Na kinachoniuma, watabiri walishasema siku kadhaa kabla, wakasema kabisa ni kitu cha mara moja kwa kizazi. Marufuku ya kuendesha gari ikatoka saa tatu na nusu asubuhi, watu washaripoti kazini. Sasa unarudije?

BARAKA: Siku hiyo hiyo Seattle, kule magharibi ya Marekani, hakuna theluji ya maana, ni mvua tu, lakini ikigusa lami inakuwa kioo. Watu wanashuka mlima wamekaa chini kama watoto.

REHEMA: Hiyo mi naiogopa kuliko theluji. Juu hewa ya vuguvugu, chini baridi imebaki kama kwenye bakuli, tone linashuka likiwa maji halafu linagandia kwenye chochote, waya, tawi, ngazi yako. Na ile chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu, baridi ikizidi sana inagoma kufanya kazi.

BARAKA: Wa Florida nao wasicheke. 2020 ofisi ya hali ya hewa ya Miami ilitangaza kabisa, angalieni iguana, ile mijusi mikubwa, wanaweza kudondoka mitini, wameshikwa na baridi.

REHEMA: Mijusi inanyesha! Mama yangu Tanga nikimwambia hilo atasema nirudi nyumbani.

BARAKA: Kwa hiyo msikilizaji wetu afanyeje?

REHEMA: Afungue ule ukurasa wa saa kwa saa, atafute upepo unageuka saa ngapi, maana hapo ndo baridi inaingia. Akikuta saa nne asubuhi, hata kama saa moja ya asubuhi inasoma digrii 8 avae koti zito, abebe glavu na soksi za ziada. Na simu achaji usiku, baridi inakunywa betri, ya kwangu imeshawahi kuzima ikiwa na asilimia 40.

BARAKA: Kwako unageuka saa ngapi?

REHEMA: Saa kumi na moja jioni. Tumalize basi, bado sijaingiza gari.