Kabla hujamlipa fundi wa dari, panda wewe kwanza

Mbukwenyi!

Ahsanteni. Mwenyekiti amenipa dakika ishirini nizungumzie kuzuia joto la paa: mtu afanye mwenyewe au atafute fundi? Wengine hapa mmeshanisikia nikiisema mada hii kwenye vikao vya mtaa. Nitaisema tena, kwa sababu kila Oktoba nasikia watu walewale wakililalamikia joto lilelile, na dari zao hawajawahi kuzichungulia.

Habari za jua la Dodoma siwaelezi, mnalijua. Ninachotaka mkishike ni kwamba anayewatesa ndani ni bati. Saa nane mchana bati lina moto kuliko hewa inayolizunguka, ukiligusa unaungua mkono. Joto lake halisubiri upepo ulibebe. Linakupiga moja kwa moja, kama jiko la mkaa linavyokupiga usoni hata ukiwa umekaa pembeni. Jipsamu, yaani ubao wa dari, inalipokea mchana kutwa, halafu saa nne ya usiku, nje kumeshapoa, dari bado inakumwagia joto kitandani.

Babu zetu wa Kigogo walilijua hili. Tembe ina paa bapa la miti, fito na udongo mzito juu yake. Jua linahangaika na udongo ule mchana mzima, na ndani unalala. Hakuna aliyetafuta mkandarasi, familia na majirani walijenga. Msiniambie nataka turudi kwenye tembe, najua lilivyovuja masika na najua mchwa walivyolifanya. Nasema tulipohamia bati tuliacha kazi nzima ya ule udongo, na hatukuweka kitu mahali pake.

Sasa niwaambie yaliyonikuta. Nilipojenga Nzuguni nilinunua karatasi ile ya alumini inayong'aa, ya kuzuia joto, nikamtafuta fundi niliyesifiwa. Akaja na vijana wawili, wakaingia darini asubuhi, kabla ya adhuhuri wakashuka wakasema tayari mzee. Nikalipa yote. Sikupanda. Oktoba ikafika, nyumba ni ileile. Mama watoto akanitazama, hakusema neno, na mimi nikajua anachotaka kusema.

Nikachukua ngazi na tochi. Jamani! Karatasi yote ilikuwa imetandikwa juu ya jipsamu kama shuka, upande wa kung'aa ukitazama juu. Na upepo wetu wa Agosti na Septemba mnaujua: vumbi jekundu lilikuwa limeifunika mpaka ukiandika jina kwa kidole linasomeka. Kioo chenye vumbi hakirudishi kitu. Pembeni, palipotakiwa kubaki wazi ili hewa ipite, wamepasokomeza mabaki. Na katikati ya chumba cha watoto karatasi imelalia maungio ya waya yaliyosokotwa na kuzungushiwa tepu ya plastiki tu. Alumini, ndugu zangu, inapitisha umeme. Nilishuka ngazi ile miguu ikitetemeka, nikaenda kuzima meni swichi.

Tuliifanya upya mimi na kijana wangu, Jumamosi mbili. Tulianza saa kumi na mbili asubuhi na saa tatu na nusu tukashuka, maana baada ya hapo kule juu ni tanuri. Karatasi tuliifunga chini ya kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, upande unaong'aa ukitazama chini, na kati yake na bati tukaacha nafasi. Nafasi hiyo ndiyo dawa yenyewe. Sentimita mbili na nusu ndiyo ya chini kabisa. Karatasi ikigusana na bati, joto linapita kama kwenye sufuria na kijiko chake, na umetupa hela.

Hapa huwa nabishiwa: mzee, ikitazama chini itarudishaje joto la juu? Nenda nyumbani ukaitazame chupa ya chai. Ule mng'ao wa ndani unazuia chai isipoe, na ukiweka maji ya baridi, mng'ao uleule unazuia joto lisiingie. Alumini safi inarudisha karibu joto lote la mnururisho, lile linalokupiga moja kwa moja bila kubebwa na hewa,, na yenyewe inapopata moto inatoa kidogo sana. Kwa hiyo upande mmoja tu ukiwa safi na wenye hewa mbele yake, kazi inafanyika. Wa chini ndio hauoni vumbi. Nimelieleza hili mara nyingi mno, na bado naona nyumba mpya mitaa ya Kisasa na Ipagala, ambako watumishi wa serikali wanahamia tangu 2016, zinatandikwa karatasi kama mkeka.

Basi nani afanye? Kutandaza, kukata, kufunga, ni kazi yako. Haihitaji cheti, inahitaji uvumilivu na mtu wa kukushikia upande wa pili. Kanyaga mbao tu, jipsamu haibebi mtu. Na kama bado unapaua, basi una bahati: itandaze juu ya kenchi kabla ya bati, ilegeze kidogo katikati ya papi, zile mbao nyembamba zinazopigiliwa bati, ibonyee. Nafasi utakuwa umeipata bila kupanda tena.

Umeme, hapana. Hapo sina msamaha. Fundi umeme mwenye leseni aingie kwanza, aweke maungio kwenye boksi zake, ndipo karatasi ifuate. Australia 2009 serikali ililipia nyumba za watu ziwekewe vizuia joto darini. Vijana wakaajiriwa kwa haraka bila mafunzo ya kutosha. Wanne wakafa, watatu kwa umeme na mmoja kwa joto la kule juu, na Februari 2010 mpango ukasimamishwa. Pini ya chuma inagongwa kwenye karatasi, inatoboa waya uliojificha, na karatasi yote ya chumba inakuwa waya. Wale walikuwa wanalipwa kwa kazi ile. Ndiyo maana mtu akiniambia "mimi nimeweka fundi" namuuliza fundi yupi, amefundishwa na nani, na wewe ulipanda ukaona?

Mtumishi ataniambia hana muda. Sawa, ajiri. Lakini nusu ya hela ibaki mfukoni mpaka umepanda na tochi. Angalia nafasi, angalia upande, angalia waya. Robo saa tu. Fundi mzuri atakushikia ngazi, fundi maiko, yule wa kubabaisha, ataanza kukuambia kule juu kuna popo.

Popo kweli wapo. Mavi yao makavu usiyafagie pua wazi, yaloweshe kwanza, vaa barakoa. Kizuia joto kingine, sufi ya nyuzi za kioo, ni nzuri, hata Juni usiku inasaidia baridi isishuke, ila usiibane, hewa iliyomo ndiyo inayofanya kazi. Vaa mikono mirefu, na iache mbali na taa za kuzamisha ndani ya dari, zinapata moto. Pumba za mpunga na maboksi msiweke, mnawaandalia panya na moto. Rangi nyeupe juu ya bati nayo inapunguza joto, hiyo nilitaka kuieleza vizuri lakini mwenyekiti ameshanionyesha saa.

Jumamosi jirani yangu pale Nzuguni anapaua. Nitakuwepo saa kumi na mbili asubuhi. Anayetaka kuiona hiyo sentimita mbili na nusu kwa macho yake aje, avae viatu vya kufunika.