Shabaha ya Chanjo ya Saratani Huchaguliwa na Nani?

Mheshimiwa Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, wauguzi, na nyinyi wanafunzi mlioliacha jua la Mbeya la mwezi Julai, ambalo thamani yake wenyeji tunaijua, nawashukuru. Wanaonifahamu wanajua nitaanzia wapi, nami sitawaangusha: naanzia Provenge.

Mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha Provenge kwa wagonjwa wa saratani ya tezi dume iliyokwisha kusambaa. Hii ni chanjo ya tiba, hupewa aliyekwisha kuugua, na shabaha yake, yaani kile ambacho kinga ya mwili hufundishwa kukishambulia, ni protini iitwayo PAP, ambayo seli za tezi dume huitengeneza kwa wingi. Mgonjwa hutolewa seli za kinga kutoka katika damu yake, zikapelekwa kiwandani kufundishwa kuitambua PAP, kisha zikarudishwa mwilini mwake zingali hai, na safari hiyo hurudiwa mara tatu. Katika jaribio la wagonjwa 512, nusu ya waliopata chanjo waliishi zaidi ya miezi 25.8, ambapo kwa wasioipata kipimo hicho kilikuwa miezi 21.7. Bei yake ilikuwa dola 93,000. Mwaka uliofuata kikaingia sokoni kidonge cha saratani hiyohiyo, abiraterone, ambacho mgonjwa hukimeza nyumbani kwake na kuendelea na shughuli zake, na mwaka 2012 kikafuata kingine, enzalutamide. Novemba 2014 kampuni ya Dendreon, iliyoitengeneza chanjo ile, ikakimbilia mahakama ya ufilisi.

Najua kuna atakayesimama kuniambia kwamba Provenge ingali inauzwa. Naam, inauzwa, chini ya wamiliki wengine. Lakini tazameni kilichoiangusha kampuni: shabaha ilifanya kazi, majaribio yalifaulu, na bado kidonge kikaishinda chanjo kwa bei, kwa urahisi na kwa safari. Wanafunzi wangu hunieleza kila mwaka kwamba shabaha huchaguliwa na baiolojia. Nami kila mwaka huwauliza ni baiolojia ipi iliyoandika dola 93,000.

Baiolojia nayo, nakiri, ina adhabu zake. Kampuni ya dawa ya GSK ilichagua MAGE-A3, protini ambayo katika mwili wa mtu mzima mwenye afya haionekani karibu popote isipokuwa kwenye korodani, kwa hiyo ilionekana kuwa shabaha salama. Wagonjwa 2,272 wa saratani ya mapafu wakaingizwa katika jaribio, na mwaka 2014 ikathibitika kwamba chanjo haikuwasaidia kuliko sindano tupu isiyo na dawa. Uvimbe unaweza kuishi bila MAGE-A3, na kinachoweza kuachwa bila hasara ni shabaha dhaifu.

Ndiyo maana kampuni kubwa sasa zimekimbilia mabadiliko ya vinasaba yaliyo katika uvimbe wa mgonjwa mmoja mmoja. Moderna na Merck hubeba hadi shabaha 34 ndani ya chanjo moja, na katika wagonjwa 157 wa melanoma, saratani ya ngozi, walioongezewa chanjo hiyo juu ya pembrolizumab, dawa inayoamsha kinga ya mwili, walipungukiwa na hatari ya ugonjwa kurudi au kufa kwa asilimia 44. BioNTech na Genentech wanafanya jambo linalofanana kwa saratani ya kongosho. Siidharau kazi hiyo, lakini inanikumbusha parachichi za Njombe: jirani akiuza vizuri, kilima kizima hupandwa zao lilelile.

Wakati huohuo, ugonjwa unaoongoza kuwaua wanawake wetu kwa saratani ni ule wa mlango wa kizazi, ambao shabaha zake, E6 na E7, zinajulikana kwa miongo kadhaa. Ni protini za HPV, kirusi kinachosababisha saratani hiyo, hazimo katika seli yoyote yenye afya, na seli ya saratani hiyo haiwezi kuzitupa, kwa sababu ndizo zinazozima breki zake, yaani p53 na Rb, protini zinazoizuia seli kugawanyika ovyo. Shabaha safi kuliko hiyo ni nadra. Chanjo ya DNA ya VGX-3100 ilizilenga. Mwaka 2015 ilichapishwa kwamba madoa ya mlango wa kizazi ambayo bado si saratani yalirudi nyuma kwa asilimia 49.5 ya waliochanjwa, dhidi ya 30.6 ya wasiochanjwa. Katika awamu ya tatu ya majaribio nguvu ikapungua, na mwaka 2023 kampuni yake, ambayo ni ndogo, ikaachana na njia ya kuisajili Marekani.

Mtaniambia tunayo chanjo ya kinga dhidi ya HPV tangu 2018. Tunayo, na wapelekeni mabinti. Lakini chanjo hiyo haiondoi kirusi kilichokwisha kuingia, na aliyelengwa mwaka ule ni binti wa miaka 14, si mama yake. Mama huyo, akiwa anaishi na VVU, hatari yake ya kupata saratani hiyo ni kama mara sita ya asiye na VVU, na sihitaji kuwaeleza watu wa Mbeya, Iringa na Njombe habari za VVU.

Mwingine atasema hatuna uwezo wa majaribio. Kituo cha NIMR, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa, hapa Mbeya kimeshiriki majaribio ya chanjo za VVU, zikiwemo za DNA, teknolojia ileile. Hoja hiyo naifunga hapo.

Nilitaka kulieleza kwa utulivu suala la HLA, protini za kurithi zinazoionyesha kinga vipande vya shabaha. Nitasema moja tu. Chanjo kadhaa za vipande vya protini zimeundwa kwa wenye HLA-A2, aina iliyo kwa karibu nusu ya watu wa asili ya Ulaya na ni haba zaidi kwa Waafrika, hivyo mgonjwa wetu huenguliwa kabla ya sindano. Mwenyekiti amenyanyua kadi ya muda kwa mara ya pili. Kuhusu nani atamiliki hataza ya chanjo itakayojaribiwa hapa, nilikuwa na kurasa nne, mtaniuliza.