Kabla ya Kuusifu Waya Mpya, Rudisha wa Zamani

Mabibi na mabwana, wale walionisikia siku za nyuma wanajua ninakoelekea, kwa hiyo wanivumilie. Nazungumzia nyaya zinazounganisha amplifaya, mashine ya kukuza sauti, na spika, na lile dai kwamba nyaya za bei kubwa hutoa sauti bora. Nitaanza na kisa.

Rafiki yangu mmoja aliniita nyumbani kwake akiwa na furaha ya bwana harusi. Alikuwa amenunua nyaya mpya za spika, nene kama mpira wa kumwagilia maji, naye akadai kwamba besi, yaani sauti nzito, ambayo hakuwahi kuisikia kwa miaka miwili sasa inatikisa kiti. Nikakaa, nikasikiliza, na kweli ilitikisa. Nikamwomba azirudishe zile za zamani. Alisita kama mtu anayeombwa kuvaa tena viatu alivyokwisha kuvitupa, lakini akazitoa kabatini, akazifunga kama alivyozoea kuzifunga, na besi ikatoweka. Akanitazama kwa ushindi.

Nilipiga magoti nyuma ya amplifaya nikiwa na tochi. Gamba la nyaya zile lilikuwa la rangi moja, na mstari mwembamba unaoutambulisha upande chanya ulikuwa umekaribia kufutika. Spika ya kushoto ilikuwa imefungwa kinyume. Kwa miaka miwili kiwambo kimoja, ile ngozi ya spika inayotetemeka, kilikuwa kikisukuma hewa mbele wakati mwenzake akiivuta nyuma, na sauti nzito, ambazo mawimbi yake ni marefu kuliko nafasi iliyopo kati ya spika hizo, zilikuwa zikifutana kabla hazijamfikia msikilizaji. Nikazifunga upya nyaya zile zile kuukuu, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, na kiti kikatikisika. Rafiki yangu alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba hata hivyo zile mpya zina uwazi zaidi.

Mtaniambia kwamba basi sikio lake halikumdanganya. Ndivyo, na hilo ndilo ninalolipigia kelele kila mara! Badiliko alilolisikia lilikuwepo, ila halikutokana na bei. Anayebadilisha waya hubadilisha mambo mengi kwa mkupuo mmoja: huikwangua kutu iliyokaa kwenye vifungio, hukaza skrubu iliyolegea, huisogeza spika anapopenyeza mkono nyuma yake, hurudi kukaa mahali tofauti kidogo, na akikosa bahati huifungua sauti juu zaidi kuliko mwanzo. Tofauti ya chini ya desibeli moja, kipimo cha nguvu ya sauti, haitambuliki kuwa ni ukubwa wa sauti. Inatambulika kuwa ni utamu.

Msinielewe vibaya nikaonekana ninasema kwamba waya ni waya. Waya wa shaba wa milimita 0.5 za mraba una ukinzani, yaani kiasi unachozuia umeme kupita, wa takribani omu 0.034 kwa kila mita, na spika iliyo umbali wa mita 5 inahitaji mita 10, kwenda na kurudi, yaani omu 0.34. Kwa spika ya omu 4 hiyo ni zaidi ya asilimia 8, ilhali mafundi hupenda isizidi 5. Isitoshe, ukinzani wa spika haubaki uleule katika masafa yote, yaani kuanzia sauti nzito hadi nyembamba, bali hushuka hapa na kupanda pale, kwa hiyo waya mwembamba huiba zaidi pale unaposhuka, na sauti hupungua hapa kuliko pale. Chukueni milimita 2.5 za mraba, ukinzani utashuka hadi omu 0.07 hivi, na shauri limekwisha.

Naona mkono umeinuliwa kule nyuma, na swali nalijua: umeme hukimbilia kwenye ngozi ya waya masafa yanapopanda. Ni kweli, bwana. Katika kilohezi 20, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde, kina cha ngozi hiyo ndani ya shaba ni karibu milimita 0.47, na ule waya wa milimita 2.5 za mraba una nusu kipenyo cha milimita 0.9. Ukinzani unaoongezeka ni sehemu ndogo ya ukinzani ambao wenyewe ni mdogo, tena kwenye masafa ambayo wengi wetu wenye mvi tuliyaaga zamani.

Wenye santuri ndio niliopaswa kuwapa muda zaidi. Sindano ya sumaku yenye koili ya milihenri 500, ikikutana na pikofaradi 200 za waya na amplifaya, yaani uwezo wake wa kuhifadhi chaji ya umeme, hupata mwangwi wake, yaani masafa ambayo huyavumisha kupita mengine, karibu na kilohezi 16. Zikifika 400, mwangwi huo hushuka hadi karibu 11, mahali ambapo sikio lingali hai. Waya ukirefuka, pikofaradi huongezeka, kwa hiyo kwao urefu wa waya ni jambo la kusikika.

Mngurumo wa hezi 50 au 60 unaotoka kwenye umeme wa nyumbani na nyaya za kidijitali naviruka, maana nimeoneshwa kikaratasi cha dakika moja. Anayetaka kunibishia aje na nyaya zote mbili, mpya na kuukuu, pamoja na mtu wa tatu wa kuzibadilisha nyuma ya pazia. Betri ya volti 1.5 ya kuangalia kama viwambo vyote viwili vinasukumwa mbele nitaileta mimi.