«Masticate» si neno la mezani

Ndugu wanafunzi, wiki jana mmoja wenu aliandika kwa Kiingereza kwamba mama yake, nyumbani Kadutu, mjini Bukavu, alimwambia mdogo wake «masticate», yaani atafune, vizuri sambaza, wale samaki wadogo. Sarufi iko sawa kabisa. Lakini mama Mwingereza, akiwa mezani na mwanawe, hasemi hivyo. Anasema «chew».

Neno lile lilimponyoka kutoka Kifaransa chetu. «Mastiquer» tumelizoea, hata mzazi hulitamka mbele ya sahani bila kuonekana anajikweza. Nalo na «masticate» ni watoto wa mama mmoja, «masticare» la Kilatini, lenye asili ya Kigiriki: kusaga meno. «Mâcher», kutafuna kwa Kifaransa cha kila siku, pia limezaliwa humo, ila vinywa vya watu vimelitafuna karne nyingi mpaka likabaki fupi. Waingereza walikuwa na «chew» lao tangu zamani. «Masticate» likawajia karne ya 17 katika maandishi ya wasomi, na mpaka leo makao yake ni huko: kwa daktari wa meno, kwa mwalimu wa baiolojia anayeeleza jinsi meno yanavyosaga chakula huku mate yakianza kugeuza wanga kuwa sukari. Jaribuni leo jioni. Tafuneni kipande cha mkate muda mrefu, msimeze; utamu utakuja wenyewe. Mkitaka kuandika juu ya jambo hilo, «masticate» ndilo neno lenyewe.

Limefika hata kiwandani. Mwaka 1820, London, Thomas Hancock alitengeneza mashine yenye meno ya kurarua vipande vya mpira, navyo vikashikamana kuwa donge moja. Kulainisha mpira mbichi kwa mashine bado kunaitwa «mastication».

Sasa angalieni utajiri wetu. Ng'ombe anacheua, panya anaguguna, bibi asiye na meno anamung'unya. Mtu anatafuna pesa za chama. Na mwanafunzi mvivu tunamwuliza: unataka kutafuniwa? Mfaransa hapo ana «mâcher le travail», kumtafunia mtu kazi, sawasawa na sisi. «Masticate» halibebi mambo hayo. Nje ya kiwanda, linabeba meno na taya, basi. Mkililazimisha, Mwingereza atadhani pesa zilitiwa mdomoni kweli.

Turudi kwa yule mama. Alisema: «Tafuna, mwanangu, usimeze nzima nzima.» Andikeni «chew».