Waya za intaneti ukutani: zinahitaji kisanduku?

Jambo kwenu wote. Leo niko Kadutu, hapa Bukavu, kwenye nyumba ya mbao iliyo mteremkoni. Tazameni ukuta huu wa jikoni. Soketi ya intaneti inaning'inia wazi, waya zote nane zinaonekana. Mama mwenye nyumba anasema mvua ikinyesha tu, mtandao unakatika. Sogeeni muone: shaba imegeuka kijani. Ni kutu hiyo.

Watu huniuliza, umeme wa humu ni mdogo, kisanduku cha nini? Kweli ni mdogo. Simu ya waya hukaa kwenye volti 48 hivi, na kamera inayolishwa kwa kebo ya intaneti haizidi 57. Hata kanuni za umeme za Marekani hazilazimishi kila kiungio cha waya za mawasiliano kifungiwe. Fremu ya kushikilia soketi, isiyo na mgongo, inakubalika, mradi ukuta ni mkavu. Sisi tuna unyevu wa ziwa, moshi wa makala, panya na sisimizi. Kwa hiyo mimi nafunika.

Kwanza, chomoa modemu na chochote kinachopeleka umeme kwenye kebo.

Pili, na hapa naomba msiruke: tafuteni waya za umeme wa nyumba, za volti 220, zinapopita. Mafundi wengi huingiza soketi ya intaneti ndani ya buati, yaani kisanduku cha ukutani, ileile ya prizi ya umeme kwa sababu tundu lipo tayari. Msikubali kabisa. Waya mmoja wa 220 ukichubuka na kugusa wa intaneti, umeme mkubwa unakwenda moja kwa moja hadi kwenye modemu, na hadi kwa mtoto aliyeshika kompyuta. Kila upande uwe na buati yake, na kati ya kebo hizo mbili acheni angalau sentimita 5 njia nzima.

Tatu, kisanduku. Sebuleni pakavu, kile cha plastiki cha kawaida chenye kifuniko kinatosha, msiuziwe cha bei kubwa. Nje, chukueni chenye raba, kilichoandikwa IP65, yaani kinachozuia vumbi na maji. Hapa jikoni pia nimeweka chenye raba. Toboa upande wa chini, usitoboe juu. Kisha acha kebo ining'inie chini ya kisanduku kabla ya kupanda kuingia, hivi, ili tone la maji lidondoke huku nje.

Nne, kata sehemu yote yenye kutu hadi uone shaba inayong'aa. Menya ganda la nje. Waya zimesokotwa mbilimbili kwa kazi maalumu, basi usizifungue zaidi ya milimita 13. Zikandamize kwa kufuata rangi zilizochorwa kwenye soketi, kisha funga kifuniko.

Kuhusu radi: Kabare, jirani zetu hapa, ni kati ya sehemu zinazopigwa na radi nyingi kuliko zote Afrika, na plastiki hii haiizuii. Mkiona mawingu yanajikusanya, chomoeni mapema, umeme na kebo ya nje pia. Ikishaanza kunguruma, msiziguse.

Sasa nawasha. Taa ya kijani imekaa. Mama, mvua ya jioni ikipita ukarudisha modemu, utazame taa hii, halafu unipigie.