Tuanzie Kwenye Viungo, Chipu Baadaye

Asalaam aleikum, na jioni njema kwenu nyote. Wazee wangu, dada zangu, na nyinyi vijana mlioacha baraza kuja kusikiliza habari za mashine iliyozaliwa kabla yenu, ahsanteni sana.

Hii iliyo mezani ni kompyuta ya Amiga 500 ya Commodore, iliyoingia sokoni 1987. Mjomba wangu alikuwa baharia. Aliinunua Uingereza akaishusha Kilindini ndani ya sanduku la nguo. Kiwandani ilitoka na kilobaiti 512 za memori, na mjomba hakutosheka. Tumboni aliipachika bodi ya kilobaiti 512 nyingine, nyuma akachomeka draivu ya pili ya diski, na ubavu wa kushoto akaiunga na A590, lile boksi lenye diski ngumu ya megabaiti 20.

Ikiwa peke yake, mashine hii haina neno. Ukiivisha vyote hivyo, baada ya dakika 20 hivi inaganda, skrini inakuwa nyeusi, na juu kinatokea kisanduku chekundu kinachowaka na kuzima, kimeandikwa Guru Meditation pamoja na namba mbili ndefu. Mimi nilikimbilia chipu za memori. Nikazing'oa, nikalehemu nyingine, nikang'oa tena. Miezi mitatu ikaenda hivyo, na kwa moto wa chuma cha kulehemu nikabandua njia ya shaba kwenye bodi isiyokuwa na kosa lolote. Hilo linaniuma mpaka leo, na ndilo lililonileta mbele yenu.

Kompyuta iliyoongezewa vitu ishukiwe kwanza pale ilipoungwa. Kila ulichoongeza kimekuja na mambo mawili: kinakula umeme, na kimefungua mlango mpya kati ya chuma na chuma.

Zile namba zisomeni mapema kuliko nilivyofanya mimi. Ya kushoto inataja aina ya kosa. Ikianza na 8, mashine imeshindwa kabisa kuendelea. 80000003, kwa mfano, ni prosesa kutakiwa kusoma baiti mbili au zaidi kwa mkupuo kwenye anwani ya memori isiyo shufwa, jambo ambalo 68000, prosesa ya Amiga hii, hailiwezi. Programu mbovu aghalabu hurudia kosa lile lile mahali pale pale. Yangu ilibadilika kila siku: leo 3, kesho 4, keshokutwa nyingine kabisa. Vivyo hivyo kwa programu ya kupima memori: iache izunguke usiku kucha. Anwani mbovu ikiwa ni ile ile kila mara, chipu ina kesi ya kujibu. Ikihamahama, tafuta umeme au viungo.

Sasa umeme, na hapa naomba tukae kidogo. Chipu za enzi hizi zinataka volti 5, na nyingi huvumilia kati ya 4.75 na 5.25. Nilipopima kwenye plagi ya pawa saplai ikiwa haijachomekwa, nilipata 5.05, nikaridhika. Kumbe nilikuwa nimepima punda akiwa hajabeba mzigo! Siku niliyopima kwenye miguu ya chipu iliyo karibu na ile bodi ya tumboni, kila kitu kikiwa kimeunganishwa, mita ilisoma 4.78. Draivu ya pili ilipoanza kuzungusha diski, ikashuka chini ya 4.7. Pale pale kisanduku chekundu kikatokea.

Hesabu yake si ngumu. Ampea 3 zikipita kwenye kiungo chenye ukinzani wa omu 0.1 tu, volti 0.3 zinapotea njiani. Omu 0.1 ni ukungu mwembamba kwenye pini za plagi, macho hayauoni.

Kuna fundi atakayekwambia upandishe volti za pawa saplai ili kufidia. Usikubali. Siku utakapochomoa draivu, zile volti za ziada zitazishukia chipu zilizobaki. Wenye Commodore 64, kompyuta iliyoitangulia hii, wanajua umeme uliozidi unafanya nini: kidhibiti cha volti 5 ndani ya pawa saplai yake ya zamani kikifa, mara nyingi volti hupanda na kuua memori. Safisha njia, au badilisha pawa saplai nzima. Na wewe usiyezoea umeme wa 240, usiifungue hata kama umeichomoa ukutani. Kapasita zake hubaki na chaji.

Viungo vyetu hapa Mombasa vina adui wa ziada. Upepo wa bahari unaleta chumvi, chumvi inavuta unyevu, na shaba inaota kijani. Sugua meno ya bodi polepole kwa kitambaa chenye spiriti safi. Bodi nyingi za tumboni pia zina kibetri cha kuchajiwa cha kutunza saa, ambacho huvuja kikizeeka. Maji yake si asidi, ni magadi makali, kwa hiyo tunayatuliza kwa siki kidogo, tunasuuza, tunapitisha spiriti, tunaacha ikauke kabisa. Kibetri chenyewe kitoe leo hata kama hakijavuja. Chipu ya Agnus, inayosimamia memori, yenye miguu 84, nayo hulegea katika soketi yake ya mraba, lakini usiichokoe kwa bisibisi, kona ya soketi itavunjika. Tumia koleo lake.

Baada ya kusafisha, vua vyote. Mashine tupu ikae imewashwa jioni nzima. Izime, rudisha kitu kimoja, pima volti, andika kwenye daftari, jioni nyingine nzima. Najua inachosha. Mimi nilimaliza wiki moja, na kosa lilikuwa ukungu wa pini mbili na kapasita zilizochoka za pawa saplai ya mjomba.

Haya, nimeiwasha na vyote vimeungwa, kwa pawa saplai mpya. Mwanangu wewe uliye mbele, njoo ushike waya mweusi wa mita hapa kwenye athi. Mwekundu nitauweka mimi. Sasa tusomee, kisha nitaweka diski kwenye draivu ya pili.