Ngoma Isiyo na Tarehe

Mwakeye, wazee wangu, na ninyi vijana wa utalii mliojibana huko mlangoni. Sogeeni mbele, leo hachangishwi mtu.

Walionisikia mwaka jana wanajua nitakachosema, na nitakisema tena kwa kuwa hakuna kilichofanyika. Mgeni hafungi safari kwa sababu mahali ni pazuri. Mahali pazuri hapahami, kwa hiyo anaahirisha: mwakani, mwaka unaofuata, nikistaafu. Anafunga mzigo akisikia kuna jambo siku fulani, na asipofika limempita. Kigoma tuna Ziwa Tanganyika, tuna sokwe, tuna Ujiji. Tarehe hatuna.

Tazameni Rwanda. Nchi nzima kilomita za mraba 26,338. Mkoa wetu peke yake, hata ukiliacha ziwa nje, unapita 37,000. Lakini Ijumaa ya kwanza ya Agosti wale jirani wana Umuganura, sikukuu ya mavuno, na kazi zinasimama nchi nzima. Niwasimulie ilikotoka, hata kama mwenyekiti ameshaanza kutazama saa.

Zamani mtama na ulezi mpya haukuliwa hivi hivi. Ukoo wa Abatsobe wa Bumbogo ulipeleka malimbuko kwa Mwami, yaani mfalme, Mwami akaonja, ndipo watu wakala. Wabelgiji waliokuwa wakitawala wakaona hatari iliyomo. Mwaka 1925 wakaikomesha, na Gashamura, mkuu wa mila hiyo, wakamhamishia Gitega, Burundi. Mtu anafukuzwa nchini kwa sababu ya sikukuu! Mwami mwenyewe, Yuhi Musinga, waling'oa kiti chake 1931, na uhamisho wake ukaishia Moba, ng'ambo ya ziwa hili hili, alikofia 1944. Humu wamo waliokwenda Moba kibiashara, nawaona. Je, kuna aliyewaambia kwamba mmekanyaga mji alikofia Mwami aliyekuwa akionjeshwa mtama? Basi mwaka 2011 Rwanda ikairudisha rasmi, ikaipa Ijumaa yake. Leo watoto wananyweshwa maziwa, vikapu vya mavuno vinaletwa, na Wanyarwanda walio ughaibuni wanajua siku ya kupanda ndege.

Sasa kuna kijana ataniambia, "Mwalimu, wenzetu walikuwa na Mwami." Kwani Heru, himaya ya Waha pale Kasulu, haikuwa na Mwami wake? Muha na Mrundi wanapiga soga bila mkalimani, na ngoma za Burundi, zile za Gishora, UNESCO ilizitambua 2014. Damu ni ile ile.

Mwingine: "Wana masokwe wa milimani, wale gorila." Hapo ndipo huwa nakosa subira. Tangu 2005, chini ya volkano za Musanze, Rwanda inafanya Kwita Izina: watoto wa gorila wanapewa majina hadharani, kwa ngoma na wageni mashuhuri. Haya, Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alifika Gombe, hapa kwetu, Julai 1960. Akawaita sokwe wake David Greybeard, Flo, Fifi, Figan, Flint. Wasomi wakamlaumu, wakitaka awape namba. Yaani majina tuliyatoa miaka 45 kabla ya sherehe ile kuanza, na haikupigwa hata ngoma moja.

Pendekezo langu ni la ziwani. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi mitatu bila dagaa wala mgebuka kutoka majini. Naambiwa, "Kufungwa kumetuumiza, wewe unatuletea ngoma?" Ndiyo, ninaleta. Aliyefunga ndiye mwenye Idi. Hatuna haja ya kubuni tamasha la kuvaa fulana zenye nembo. Malimbuko yetu ni dagaa wa kwanza. Wakaangwe kwa mawese palepale mwaloni Kibirizi, mvuvi mkongwe aonje mbele za watu, kisha sote tule.

Ila wavuvi watanisahihisha kabla sijakaa, kwa hiyo najisemea mwenyewe: si siku ile ile ya kufungua. Dagaa huvuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti kitu, mitumbwi inalala. Mwaka ule mwezi mpevu ulikuwa 19 Agosti, siku nne tu baada ya ufunguzi. Ukimleta mgeni hapo utamwonyesha mitumbwi iliyopinduliwa mchangani. Mlete kwenye giza la kwanza linalofuata, asimame ufukweni Katonga usiku aone taa zimejaa majini hadi upeo wa macho. Na giza la mwezi linahesabika tangu mwaka mmoja kabla, msije mkaniambia tarehe haijulikani.

Nilitaka kuwaeleza watu wa Makunduchi, Zanzibar, wanavyojaza kijiji kila Julai kwa sherehe ya Mwaka Kogwa, ila muda ndio huo. Barabara, treni na meli zinasemwa kila mkutano, naziruka.

Wenye boti na wenye gesti, msitoke. Nina kalenda ya mwezi ya mwakani hapa mfukoni, na peni. Tuchague usiku wenyewe sasa hivi, kabla chai haijaletwa, maana ikishaletwa nawajua.